Maoni ya Wanawake wa Kisimani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kwangu hapa Lodwar nikafika sokoni, jioni nasimulia safari. Kwa hiyo wifi yangu, dada wa mume wangu, aliponiomba nimsindikize Kakuma, nilijua amekosa mtu mwingine. Yeye ni mtafiti wa maji, na alikuwa akisaidia kuandika sheria ya kaunti ya kulinda visima tunavyochimba kwenye mchanga wa mto mkavu, pikipiki zisioshewe karibu navyo. Bila maoni ya wanaoteka maji, mswada ungerudishwa. Naye kalelewa Kitale. Kiturkana chake kinaishia kwenye salamu, "ejok".

"Wifi, msomi mzima wewe, mkalimani wako ni wa kidato cha nne?"

"Tena mvivu. Panda gari."

Ukumbini tulikoitisha mkutano hakuja mtu. Asubuhi wanawake wako kisimani, basi tukawafuata. Kwetu mgeni hupewa maji kwanza, ndipo aulizwe shida yake. Mama mmoja akashuka kisimani, akachota, akampa wifi kikombe. Wote wakamtazama. Maji hayo wifi alikuwa ameshayapima, akakuta uchafu na oili.

Nikamnong'oneza, "Lete ninywe mimi. Tumbo langu halijasoma."

Akakataa. "Waambie nimeyapima, na nayaogopa. Ndiyo maana nimekuja."

Nilitafsiri nikitazama mchanga. Kukataa maji ya mtu ni kumtukana. Nilijua tunarudi mikono mitupu.

Mama akachukua kikombe chake, akanywa taratibu mpaka akamaliza. "Hata sisi tunayaogopa," akasema, "ila hatuna ya chupa."

"Muulize kama hiyo sheria yake inanyweka," mwenzake akadakia, na wote wakacheka.

Mama akangoja kicheko kiishe. "Anayeosha pikipiki pale juu ni mwanangu. Ndiye anayetulisha. Andika asioshe. Halafu andika aoshee wapi."

Wifi alikuwa ameandika faini tu. Akaketi mchangani na sketi yake ya ofisini, akauliza mvua ikija maji hupita wapi. Walijibu kwa pamoja, ukalimani ukanishinda. Nikabaki kunyoosha kidole kule walikonyoosha wao.

Mswada bado uko kwenye bunge la kaunti. Kuna wanaotaka kifungu cha mahali pa kuoshea kiondolewe, ati kinaongeza kazi, na kila kikao wifi huenda kukitetea. Kijana yule ameshahamia mbali na visima, yeye na ndoo zake. Mama yake hakulisubiri bunge.