Kahawa ya Zakaria

Kama unadhani nimeketi hapa kukutungia, nenda Kayanga, uliza duka la milango mitatu, kisha mtazame taya mzee anayepima chumvi. Anaitwa Bernado. Taya lake linatafuna. Mdomoni hana kitu, lakini linatafuna tangu asubuhi mpaka jioni, na mkewe anasema hata usingizini halitulii. Ukishamwona, rudi tuendelee. Mimi nataja majina. Nimenyamaza vya kutosha.

Mimi ni mtu wa Kaisho, wa migomba na maharage. Shule niliiacha darasa la pili. Vita vya Hitler vilipokwisha na kahawa ikaanza kuleta fedha, nikapata kazi katika duka hilo, la Mhindi mmoja. Sijaona lingine kubwa kama lile upande huu wote: mafundi cherehani barazani, majora ya marekani na kaniki mpaka juu, majembe, chumvi kwa magunia, mafuta ya taa kwa madebe, baiskeli zinaning'inia kwenye boriti. Aliyesimamia yote hayo alikuwa Zakaria. Tajiri alimwita meneja. Sisi tulimwita msimamizi, na tulimwogopa kuliko tajiri mwenyewe.

Zakaria alikuwa na mambo yake. Hakuweza kupita mbele ya miche ya sabuni bila kuinyoosha. Hata akiwa anakugombeza, mkono wake unakwenda pembeni, unapanga. Halafu kulikuwa na kikapu cha kahawa. Kwetu, kama hujui, mgeni hapewi maneno kabla hajapewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ikakaushwa. Zakaria aliweka kikapu juu ya kaunta, na kila mteja aliyeingia alipewa. Lakini kwanza alitafuna yeye.

"Anayetoa ndiye anayeanza," alikuwa akituambia. "Mtu akikuona unatafuna, atakuamini hata ukimpimia kitambaa."

Sheria hiyo si yake. Ni ya wazee, kwa sababu ya sumu. Yeye aliileta dukani tu.

Akafa. Aliugua ghafla, na mimi nilikuwa kando ya kitanda chake. Taya lake lilikuwa likitafuna, na mdomoni hamna kitu. Tulidhani ni homa. Sanda yake niliikata mimi kwenye jora la dukani, na jembe la kumfukia nililishika mimi. Nakuambia haya ili ujue kwamba sikusimuliwa kifo chake. Nilimzika.

Sasa Bernado alijua kiti ni chake. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi. Tajiri akanipa funguo mimi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, mbele ya wateja, Bernado ananiinamia: "Shikamoo, msimamizi." Mtu wa umri wa kaka yangu. Watu wanacheka. Nifanye nini? Nikiitikia, nina kiburi. Nisipoitikia, nina kiburi vilevile.

"Kiti hicho kina meno, waitu," aliniambia siku moja, kwa neno letu la heshima, huku akimimina chumvi kwenye mizani. "Mwenzako kimemla."

"Kwa hiyo kitanila na mimi?"

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

Kisha tajiri akapanda lori kwenda Bukoba kuleta mali, akaniachia duka lote. "Nikirudi nikalikuta duka sawa," akasema, "utakaa hapa mpaka uzeeke. Nikilikuta vingine, usinisubiri." Mke wangu alikuwa mjamzito, nyumba yetu ya nyasi inavuja. Sikuwa na kitu kingine duniani isipokuwa zile funguo. Kumbe na uhai wangu ulikuwa umefungwa humohumo.

Jioni moja ukungu ulishuka mapema, ule ukungu wetu wa milimani unaoingia mpaka ndani ya nyumba. Bernado alikuwa ameaga kabla ya wenzake, anasema tumbo. Mafundi wameshafunika cherehani, wamekwenda. Nimefunga milango miwili, wa tatu nimeushika mkononi, mtu akapita chini ya mkono wangu akaingia.

"Tumefunga, mzee," nikamwambia.

Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kaunta, mahali ambapo mteja hafiki. Na alipopita mbele ya sabuni, mkono wake ukaenda pembeni, ukainyoosha.

Niamini, mwili wangu ulijua kabla ya kichwa.

Akageuka. Alikuwa Zakaria, amejifunga ile marekani niliyoikata mwenyewe. Udongo kwenye nyusi. Macho yake wazi lakini hayanioni, kama ya ng'ombe aliyepelekwa mbali. Umesikia habari za wafu wanaochukuliwa na wachawi wakatumwa kama watumwa? Mimi nilikuwa nazicheka. Akanyoosha mkono. Kiganjani, juu ya kipande cha jani la mgomba, kulikuwa na kahawa.

"Tafuna," akasema. Sauti ile haikuwa na pumzi ndani yake.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mlango ulikuwa nyuma yangu, wazi. Lakini nikikimbia, duka limebaki wazi, na kesho Bernado atasema msimamizi ametoroka. Na nikuambie ukweli, mkono wangu ulikwisha kunyooka kupokea. Mara ngapi nilikuwa nimepokea kahawa kutoka mkono ule? Ulinyooka wenyewe. Vidole vilikuwa vinakaribia jani ndipo nikatazama taya lake. Lilikuwa limetulia.

Zakaria hakuwahi kumpa mtu kahawa taya lake likiwa limetulia.

Nikarudisha mkono. "Waitu Zakaria," nikasema, "anayetoa ndiye anayeanza."

"Tafuna."

"Anza wewe. Ulinifundisha mwenyewe, hapa hapa." Akasimama. Kahawa ikaanza kucheza juu ya jani. Nikaona nimempata, nikazidi kusogea. "Tena humu ndani mwenyeji ni mimi. Tangu lini mgeni akamtangulia mwenyeji?"

Nikavuta kikapu cha kaunta, nikachagua tunda moja, nikalipasua kwa meno. Tunda la kahawa lina punje mbili zimelala pamoja, na wazee wetu walifungia undugu kwa punje hizo, mmoja hii, mwenzake hii. Nikatafuna ya kwanza mbele yake, polepole, aone. Ya pili nikampa.

Akaipokea. Akaitia mdomoni. Taya likaanza kwenda, na macho yake yakarudi, nakuapia, kama taa inayopandishwa utambi. Yakanitazama usoni, kisha yakashuka kwenye funguo kiunoni mwangu.

"Wamekupa wewe," akasema.

"Wamenipa mimi."

"Vizuri."

"Nani amekutuma, waitu?"

"Bernado. Na mjomba wake Kajuna, yule mganga. Hao ndio walionipa ya kwanza, ile iliyoniua." Akalikunja lile jani kwa vidole vyake vya siku zote, kama anamfungia mteja sukari. "Mali ikikataliwa, inarudi kwa mwenyewe," akasema, akatoka, na ukungu ukamchukua.

Nikafunga mlango wa tatu. Naam, kwanza nilifunga mlango, ndipo nikakaa chini.

Asubuhi nilimkuta Bernado barazani, kando ya mizani, anatafuna.

"Unatafuna nini peke yako, bwana?" fundi mmoja akamtania. "Hata kutugawia?"

Bernado akafungua mdomo. Ulikuwa mtupu. Fundi akaacha kucheka.

Tajiri aliporudi akalikuta duka sawa, mpaka uzi wa mwisho. Akamwita mkungu, yaani mkuu wa mahali pale, na mbele ya watu wote Bernado akasema kila kitu, machozi yanamtoka na taya halisimami. Kajuna alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda Uganda.

"Alikuja nyumbani," Bernado akasema. "Akaninyooshea, nikapokea."

"Hukumwambia aanze?" nikamuuliza.

"Nilisahau."

Mtu aliyesimama kando ya kikapu kile miaka yote. Alisahau.

Tajiri alitaka kumfukuza. Nikamwomba amwache. Usidhani ni huruma. Nilitaka aniamkie. Na ananiamkia kila asubuhi, mimi msimamizi, mwenye nyumba ya bati, baba wa watoto wanne: "Shikamoo, msimamizi." Sasa hakuna anayecheka. Na mimi namwitikia marahaba, kwa sauti, barabara nzima isikie. Kanisani wananiambia nimsamehe. Wao hawakukata ile sanda.

Zakaria hajanitokea tena. Ila kila jioni, kabla sijafunga, napindisha mche mmoja wa sabuni. Asubuhi nikifungua, umenyooka.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiingia kwenye nyumba ya mtu akakunyooshea kitu, usimtazame mkono. Mkono wa rafiki na wa adui hunyooka sawasawa. Mtazame taya. Likiwa limetulia, rudisha mkono wako, hata kama ni mtu uliyemzika.