Mwanamuke wa Ordinatere Mwenye Anatembea Kama Mimi

Ilikuwa mwaka tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta ya mawese, Butembo nzima. Sombe ilitoka ku moto kavu, batoto bakaigeuzageuza mu sahani, na bamama ba mutaa wa Kimemi wenye kujisifu bakaweka karanga kidogo, bakasema ni daktari alibashauria. Mawese yetu inatoka upande wa Beni, na ku barabara ya kule batu balikuwa banauliwa. Mimi mwenyewe niko na mingazi, miti ya mawese, kule Mabalako, upande uleule, bwana yangu ndiye aliipanda. Matunda inaiva, inaanguka, inaoza, na mimi nakula sombe kavu mu nyumba ya kupanga.

Mwaka ule ule mujukuu yangu alikuwa anamaliza masomo ya informatique. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, kisha jembe ikanichukua. Lakini ule mutoto nimemulea mimi, na mu akili yake ninaona sehemu yangu.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kufanya mutu atembee ndani ya ordinatere, ile kompyuta yake. Hapana filme. Filme imekwisha kupigwa, inarudilia ileile. Huyu wake anahesabiwa palepale akiwa anatembea: ukibadilisha uzito wa muzigo, mugongo unapinda mbele ya macho yako. Alinieleza nikiwa namenya viazi. Alisema kuna batu ba mbali baliandika kazi mingi tayari, bakaifunga kama furushi, kila mutu anaichukua bure. Furushi ya namna ile banaiita bibliothèque. Moja inajua hesabu tu: magoti, viwiko, shingo, yote mara moja. Ingine inajua kuchora tu, haina akili ingine. Kazi yake yeye ni kuziunganisha, yenye kuhesabu ipashe yenye kuchora namba mbele ya jicho kupepesa. Ikikawia, mutu anarukaruka kama kuku mwenye kamba ku muguu.

«Sasa zinagombana,» akasema.

«Zinagombana nini?»

«Hazipatani juu ni wapi, Koko. Ya hesabu inaanza chini, inapanda. Ya kuchora inaanza juu, inashuka.»

Koko ni nyanya, ni vile ananiita. Akanionyesha. Mutu wake alikuwa anatembea kichwa chini, miguu hewani, na muzigo wake vilevile. Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Nikamwambia huyo mwenye kuchora alijifunza kwa fundi mwenye kuanza nyumba na mabati.

Alipomugeuza, nikaacha kucheka. Mwanamuke ameinama mbele, kitunga mugongoni, mukanda unapita ku paji ya uso, vile sisi Banande tunabeba. Muguu wa kushoto unajivuta kidogo. Huyo ni mimi. Mutoto alikuwa ananipiga video nikirudi soko ya Musienene na maharagi, na mimi nilizania ni ya kuonyesha barafiki. Sikukasirika, nilijivuna. Siku ya Mungu nikasema mbele ya kanisa: «Ninyi muko mu foto za ndoa. Mimi niko mu ordinatere, na natembea.» Mama mumoja akauliza kama kule ndani mawese iko.

Kisha mwalimu wake akaangalia kazi. Mutu wa upande wa Kinshasa, serikali ilimuleta huku, shati imepigwa pasi hata siku ya matope. Hakukuwa mubaya. Akamwambia: donc, mwanamuke wako anatembea vizuri, lakini hesabu ya uzito inaonekana wakati mutu anashindwa. Ongeza muzigo mpaka aanguke. Bila ile, nitakurudishia kazi, utarudilia mwaka.

Mutoto akafanya. Akaniita nione, mikono yangu ikiwa na unga. Uzito ukapanda. Magoti yangu ikavunjika, moja, kisha ingine. Mukanda ukavuta shingo nyuma, nikalala uso chini, kitunga juu yangu. Halafu picha ikaanza tena. Nikasimama, nikaanguka tena.

Nilishika meza.

Siku tulitoka Mabalako sitaieleza yote. Mukanda ulikuwa ku paji yangu, mu kitunga nguo na sufuria, na juu ya nguo huyu mutoto, mudogo, ananishika nywele. Mama yake, binti yangu, alikuwa nyuma yetu. Masasi ya bunduki ikalia mu mingazi. Askari mumoja, mutu wa Lingala, amelala mu mufereji, akanipigia kelele: «Mama, kweya! Kweya!» Anguka. Alitaka kuniokoa, najua. Lakini mwenye mukanda ku kichwa na mutoto juu ya muzigo haanguki polepole, anaanguka na kila kitu. Nikamujibu nikipita: «Mimi hapana kuanguka.» Nikatembea. Binti yangu, yeye, alianguka, na hakuamuka.

Nikamwambia mutoto azime.

«Koko, ni namba tu.»

«Namba za nani?»

Akasimamisha picha.

«Chora mutu mwingine. Chora mwalimu wako na tumbo yake, aanguke asubuhi na mangaribi.»

Akacheka kidogo, kisha akalia. Mwendo wote aliupima ku mwili wangu, na wakati wa kuanza upya haukukuwa. «Unataka nipoteze mwaka sababu yako?» Nilijua ninamunyima nini. Tukaishi mu nyumba moja bila kusemezana kupita chumvi iko wapi.

Siku ya kutetea kazi nilivaa kikwembe yangu ya Pasaka, nikaleta kreti ya sukre, chupa za soda, kama familia zote. Bamwalimu bakakaa mbele. Ku ukuta nikatokea natembea, mukubwa kuliko nilivyo. Batu bakapiga makofi. Mutoto akaongeza uzito: mugongo ukapinda, hatua zikafupika, bila kukawia hata kidogo. Akaongeza tena. Magoti ikatetemeka. Hapo kidole yake ikabaki hewani juu ya butoni.

«Endelea,» mwalimu akasema. «Umuangushe.»

Hakufinya. Akaniangalia mimi. Mwalimu naye akageuka, akaangalia ukuta, akaniangalia tena. Nazania aliona muguu wangu wa kushoto wakati niliingia. Akasema na upole: «Kumbe ni wewe, mama? Basi umwambie mutoto. Ni kitu ya dakika moja, na mwaka wake wote uko pale.»

Nikasimama. Magoti yangu ilikuwa inatetemeka, ya ku ukuta na ya chini ya kikwembe.

«Mimi hapana kuanguka.»