Maji yangu ya kuoga yalivyomdondokea baba mkwe: mnaojenga bafu ghorofani someni hapa

Wakuu, habari zenu humu. Hiki ninachosimulia hakina chumvi, na hadi leo nikikikumbuka natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Miaka ya tisini, biashara zilipofunguliwa, mume wangu Masanja alikuwa anauza mitumba hapa Mwanza. Mambo yakamnyookea, tukajenga Mabatini, kule juu kwenye mawe. Kiwanja kilikuwa finyu, tukapandisha ghorofa moja. Sebule chini, bafu juu yake.

Bafu lenyewe sasa! Marumaru za pinki kutoka Dubai, bomba la mvua, majirani wanaomba kuja kuchungulia. Fundi alituambia marumaru ni kama sahani, hazipitishi maji.

Tukaamini. Nani kati yetu alishawahi kuwa na bafu la ghorofani?

Shida ni kwamba baba mkwe alikuwa hajanikubali. Yeye Msukuma wa Magu, mimi Mhaya niliyeletwa na meli kutoka Bukoba. Alisema sisi tuna maringo. Aligoma kabisa kuja kwetu, na siku alipokubali nilijua sitapata nafasi nyingine.

Alifika, nikapiga goti. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikamwekea chai.

Nilikuwa nanuka sato niliyekuwa namkaanga. Nikaona aibu kumtengea chakula hivyo, nikapanda kuoga. Tena nikaoga kwa raha zangu, huku naimba mapambio.

Ya huko chini alinisimulia Masanja. Tone lilimdondokea mzee kwenye upara, akafuta. Likaja jingine. Akasogeza kiti, akaendelea na chai yake. Matone yakamfuata, yakatua kwenye kikombe, akanywa kabla hajajua.

"Masanja, huko juu kuna nani?"

"Ni mkamwana wako, baba. Anaoga."

Mzee akaweka kikombe chini.

Kwa wasiojua, baba mkwe na mkamwana wana mipaka yao, hata kiti chake sikalii. Sasa maji niliyojioshea mwili, yeye kayanywa!

Nilishuka nanukia mafuta, nikakuta dari ina doa na kiti kitupu. Mzee alishashika njia ya stendi. Nililia mpaka sato akaungua.

Masanja alibomoa bafu lote. Kumbe maji hupita kwenye maungio ya marumaru, na pembeni ya bomba la kutolea maji. Chini ya marumaru lazima upake dawa ya kuzuia maji, uipandishe na ukutani kama futi moja, na sakafu iinamie kwenye tundu. Kabla ya kubandika marumaru, ziba tundu, jaza maji, yaache usiku na mchana, kisha shuka uangalie dari. Ikiwa kavu, endelea.

Yetu ikawa kavu. Tukatuma wazee kuomba radhi, mzee akasema hana kinyongo. Na kweli alikuja mara nyingi, akabeba wajukuu, akanitania kuhusu ndizi zetu za Bukoba.

Lakini alikaa barazani. Hata mvua ikinyesha, chakula nilimpelekea huko huko. Mpaka tunamzika, hakuwahi kukanyaga tena sebule yangu.

Mnaojenga, jaribuni bafu kwa maji kabla hamjaalika wakwe.

Na mnaojua mila za Kisukuma humu, hivi kulikuwa na namna ya kumrudisha mzee ndani? Niambieni tu, ingawa nimeshachelewa.