Kiti cha Mzazi

Mdogo wangu alipoanza kumwita mtu mwingine "papa", nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikimpimia urefu wa sketi. Yeye alikuwa kwenye simu. "Ndiyo, papa. Nakuja, papa." Nilikuwa na pini mdomoni. Baba yetu alifariki mdogo wangu akiwa hajatembea vizuri, mama akafuata miaka sita baadaye, na tangu hapo hakuna mtu katika nyumba yetu ya Nyakabiga aliyeitwa papa wala mama. Nilikuwepo mimi, na mimi naitwa yaya, dada mkubwa.

Niliacha shule darasa la nane nikakaa kwenye cherehani ya mama. Yeye alisoma hadi chuo kikuu. Sisemi hivi ili nisifiwe. Wivu ninaotaka kuueleza ulianzia hapo, kwenye Kifaransa chake kizuri, maana nilikuwa nakiona kama nguo niliyoishona mwenyewe.

Kikundi cha maombi nilikiingia mimi kwanza. Tulikuwa watu kumi na kitu, tunasali sebuleni kwa mjane mmoja, mitaa miwili kutoka kwetu. Kiongozi wetu, ambaye sote tulimwita Mtumishi, wakati huo alikuwa mtu wa maneno machache, anakuja kwa miguu na Biblia yake kwapani. Yule mjane akawa msaidizi wake. Tulimwita Mama wa Maombi. Watu wakaongezeka, tukajenga banda la mabati kule Carama, wageni wakaanza kuja, na Mtumishi akahitaji mtu wa kutafsiri mahubiri yake kutoka Kirundi kwenda Kifaransa. Nikamtaja mdogo wangu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mkalimani wa mahubiri hasimami mbali. Anasimama bega kwa bega na mhubiri, anapaza sauti mwenzake anapopaza, anarusha mkono anaporusha. Mwezi haujaisha, mdogo wangu alikuwa ameshachukua hata namna Mtumishi alivyokohoa kabla ya sala. Wanawake walinishika mkono mlangoni: "Dada, Mungu amekubariki, uko na mutoto pale mbele!" Nikawa natabasamu. Ndani nilikuwa naungua.

Kisha akahamia Kinindo. Mtumishi alikuwa amepata nyumba huko, karibu na ziwa, na vijana aliowapenda walikaa kwake. Waliitwa wana wa nyumba, nao walimwita papa. Walipika, walifua, walisali pamoja, na walipotaka kwenda kwao waliomba ruhusa. Mdogo wangu alikuja Jumamosi moja kwa mwezi, baadaye hata hiyo ikakosekana. Nikimwuliza anasema, "Papa alisema tuko katika mfungo." Watu walinong'ona kwamba si haki kuwafungia ndani watoto wa wenzako. Niliitikia pamoja nao, lakini kilichoniuma hakikuwa haki. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anampikia chakula.

Tulikuwa na desturi moja. Mwisho wa kila mfungo mtu aliandika dhambi yake kwenye karatasi, akaikunja, akaitia kikapuni. Mama wa Maombi alikibeba kikapu nyuma ya banda, karatasi zikachomwa bila kusomwa na yeyote. Mimi niliamini. Basi nikaandika: Namwonea wivu mdogo wangu kwa sababu amepata baba na mimi sina. Nikakunja mara nne.

Jumapili iliyofuata Mtumishi alihubiri juu ya ndugu wa damu. Akasema kwa Kirundi, taratibu, kwamba yumo mwanamke humu ndani, fundi wa nguo, aliyemlea mdogo wake na sasa anataka aabudiwe; kwamba anamwonea wivu mdogo wake kwa sababu amepata baba na yeye hana. Maneno yangu yale yale. Kisha akanyamaza, maana ilikuwa zamu ya mkalimani.

Mdogo wangu aliniangalia. Banda zima liliniangalia. Nikasema moyoni: hatatafsiri. Atakohoa, ataruka sentensi, atajifanya hakusikia. Alitafsiri yote. Kifaransa changu kiliishia darasa la nane, lakini neno la wivu nalijua, na nililisikia likitoka kwenye kinywa nilichokilisha uji. Mtumishi aliporusha mkono kunielekea, naye akarusha wake.

Nilikaa hadi baraka ya mwisho. Sikutaka waseme nimekimbia.

Wiki hiyo hiyo Mama wa Maombi alikuja kwangu.

"Anazisoma zote," akasema kabla hajakaa. "Miaka yote. Nikipeleka kikapu nyuma, ye iko pale anangoja."

"Na wewe ulikuwa unakibeba."

"Mi nilikuwa namtii, dada. Sasa nimechoka. Kanisa lile lilianzia sebuleni kwangu, apana kwake."

Nikaelewa kwamba anakusanya watu. Alitaka nisimame mbele ya wazee wa kanisa nieleze habari ya karatasi. Nilisimama, nikaeleza. Nilisema kweli tupu, na niliisema kwa furaha mbaya, nikimtazama Mtumishi akilamba midomo iliyokauka. Wazee wakagawanyika. Nusu ya watu wakabaki naye Carama, nusu wakamfuata Mama wa Maombi. Mdogo wangu alibaki Kinindo, hakunipigia simu kwa miezi minne.

Katikati ya vita hivyo akapata mchumba, mwalimu wa shule, mtu asiye wa kundi letu lolote. Kwetu hakuna aliyeolewa kabla kiongozi hajapokea jibu kutoka kwa Mungu. Mtumishi akasema Mungu hajasema. Nadhani aliogopa kubaki bila mkalimani. Mama wa Maombi aliposikia akatangaza kwamba kwake Mungu amesema, tena kwa sauti kubwa. Haikupita wiki, Mtumishi naye akapokea jibu. Sasa wote wawili walikuwa wamekubali, na kila mmoja alitaka kukaa kwenye nafasi ya mzazi siku ya kuposa. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Baba wa kijana ndiye aliyekataa kwenda Kinindo. Alituma ujumbe kwamba wao wanaposa mahali binti alipokulia. Kwa hiyo ikawa uani kwetu, Jumamosi asubuhi, chini ya maturubai mawili, viti vya wageni na vya wenyeji vikitazamana. Katikati ya mstari wa mbele wa wenyeji hukaa mzazi, na kando yake msemaji wake. Msemaji nilimwomba jirani yetu, mzee Mwislamu, fundi wa magari aliyefanya kazi na baba.

"Hawa walokole wako watanikubali?" akaniuliza, akirekebisha kofia yake.

"Wapende wasipende."

Mtumishi aliingia na wanaume sita wenye suti. Kabla hajakifikia kiti, Mama wa Maombi akatokea na wanawake wake wa vitenge vya sare, akakishika mgongo.

"Mama, pisha. Mutoto huyu anaishi kwangu."

"Ameokokea kwangu!"

"We hata hujui kama anakunywa chai na sukari."

"Na we unajua mpaka dhambi zake, maana ulizisoma!"

Wageni walikuwa wameshakaa. Baba wa kijana aliinama akatazama viatu vyake. Mdogo wangu alikuwa ndani, kama desturi inavyotaka. Binti hatoki mpaka aitwe.

Mzee jirani akanigeukia. "Binti yangu, mambo ya kanisa mi siyajui. Nyumba ni ya kwako. Nani anakaa hapa?"

Kiti kile hukaliwa na baba, au baba mdogo, au kaka. Sikuwahi kuona mwanamke ambaye hajaolewa akikikalia. Nilijua pia anayetakiwa na mdogo wangu, kwa sababu alikuwa ameniambia wazi: "Yaya, muache papa akae. Siku moja tu, unifanyie hiyo." Mtu mwema angekubali. Mimi niliutoa mkono wa Mama wa Maombi kwenye kiti, nikakaa.

"Karibuni nyuma yangu," nikawaambia wote wawili. "Viti viko."

Mama wa Maombi akakaa, amenuna. Mtumishi akaniinamia. "Wivu utakuua," akasema kwa Kirundi, bila kupaza sauti, akatoka na suti zake sita.

Wasemaji wa pande mbili wakaanza kutaniana. Mzee wetu akaapa kwamba nyumba hii haina msichana, ina fundi na cherehani peke yake, na wageni kama wanataka kushonewa suruali waseme. Watu wakacheka, hata baba wa kijana. Mwishowe binti akaitwa.

Alitoka amefungwa vazi la sherehe begani, mzuri kuliko nilivyojiandaa kumwona, na macho yake yakanipita yakaenda kwenye viti vilivyo wazi nyuma yangu. Kisha akaja kwangu, kwa maana mzazi husalimiwa kwanza, akainama akanikumbatia.

"Papa iko wapi?" akaninong'oneza sikioni.

"Ameenda. Mi njo nimemufukuza."

Mikono yake ililegea mgongoni kwangu. "Juu ya nini, yaya?"

Ningeweza kumtajia karatasi, mifungo, siku ile bandani. Sababu zote zilikuwepo, na zote za kweli.

"Nilitaka kukaa mimi," nikasema.

Alibaki ameinama mpaka wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akainuka, akawasalimia wengine mmoja mmoja, akasimama mbele yetu na uso uliolowa.

"Mzazi, wanangoja," mzee akanikumbusha. "Tunatoa ao hatutoi?"

Nilimtazama yeye kwanza. Alinitazama vile vile alivyonitazama siku ya mahubiri, moja kwa moja, na safari hii akatikisa kichwa, ndiyo, mara moja, bila tabasamu.

"Tunatoa," nikasema.

Kijana aliruka kutoka kitini, akaja akanishika mikono miwili akaniita mama. Mdogo wangu akatoa leso, akampangusa jasho shingoni, polepole, kama mtu aliyekwisha kuizoea shingo ile, nami nikaona kwamba huyo naye nimeshaanza kumwonea wivu.