Jile ya Emérence

Verdiane ndiye aliyewazuia watu wa Kalembe kukata miti ya chemchemi, hata wakamwita mchawi. Lakini kamati ya msitu ilipochagua mlinzi, ilimvisha jile, kile kizibao cha kijani, Emérence, mke mwenzake aliyemnyang'anya mume, kwa vile anajua kusoma.

Emérence akamfuata kwenye shamba la maharagwe.

"Mama Mukubwa, unionyeshe fasi unaokotaka mbegu za miti ya pori. Kamati inataka nipande pale kwa maji."

"Uliza jile yako. Si njo inajua kusoma?"

Emérence alipoondoka, Verdiane alitupa jembe, akaingia msituni, akajaza mbegu kwenye kitenge. Alizipanda mwenyewe kando ya chemchemi siku ya soko, njia ikiwa imejaa watu, ili wote waone ni mkono wa nani.