Yai la Mbaruku

Mwaka wa sabini na tano, Mwaija, mke wa Mwinjuma, alirudi Kwaluguru kutoka semina ya wiki mbili Korogwe akiwa na cheo kipya: mpishi wa uji wa chekechea ya kijiji cha ujamaa. Alirudi pia na neno lililomkaa moyoni. Mwalimu wa semina alisema akili ya mtoto hujengwa miaka ya mwanzo, kwa chakula na kwa kusemeshwa nyumbani.

Mwanawe Mbaruku alikuwa na miaka mitatu, na maneno mawili tu: "maji" na "sitaki."

"Kuanzia leo atakula yai," Mwaija alisema.

Mama mkwe wake, Bibi Chausiku, akaweka ungo chini. "Yai? Mtoto akila yai huwa bubu!"

"Mama, huyu hajala hata moja. Mbona hasemi?"

Bibi akaokota ungo wake, akaanza kupepeta kwa hasira.

Mwaija hakurudi nyuma. Uji akautia karanga za kutwanga, yai akalichemsha, na shambani akamsemesha mtoto kutwa: hili jembe, yule kunguru, lile wingu la uongo, halina mvua. Wapita njia walimwonea huruma Mwinjuma kwa kuoa mwanamke anayeongea peke yake.

Miezi ikapita. Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti, Mzee Kaleb, akamuuliza Mwinjuma kwa nini juzi hakuonekana shamba la ujamaa.

"Mgongo, mwenyekiti," Mwinjuma alisema, akijishika kiuno. "Hata kugeuka kitandani sikuweza."

Mbaruku akasimama mapajani mwa mama yake. "Baba alicheza bao," alisema. "Akafungwa. Akatukana."

Watu wakaangua kicheko. Bibi Chausiku akainuka kumtetea mwanawe. "Mnaona? Hayo ndiyo mayai! Yanamharibu mtoto!"

"Yai langu bibi anakula nusu," Mbaruku akaendelea. "Nyuma ya ghala."

Bibi akaketi taratibu. Mwinjuma akapangiwa kupalilia nusu ekari peke yake.

Mwaija alicheka hadi machozi, ila si yote yalikuwa ya kicheko. Mwaka mzima alikuwa akiogopa, bila kumwambia mtu, kwamba mwanawe hatasema kabisa.

Jumatatu akakuta wanawake tisa wakimngoja chekechea, watoto mgongoni, wakitaka yai kama la Mbaruku.

"Si yai peke yake," aliwaambia. "Mkifika nyumbani, ongeeni nao."

Wakaahidi. Waume zao, kwa muda mrefu, walizungumza kwa kunong'ona.