Chetezo cha Mama Kwenye Kambi ya Ndege

Mama alisema hapana mara tatu. Ya kwanza alisema huku anachambua mchicha, ya pili amesimama mlangoni na ndoo ya maji, na ya tatu alisema mbele ya wajomba zangu, makusudi, ili isije ikadaiwa kwamba hakusema. Hakuikataa ndoa. Mume wangu alimpenda tangu siku ya posa, alipokula mabumunda yake yote akaomba mengine. Alichokikataa ni mahali nilipokuwa nakwenda kuishi.

Mume wangu ni mtoto wa Tabata. Aliondoka kwenda kusoma nje, akakaa huko, akajiunga na jeshi la anga la nchi ya watu, wakampa uraia. Kazi yake ni fundi wa matairi na breki za ndege. Tulipofunga ndoa alikuwa ameshapangiwa kituo kipya, kambi ya ndege za kijeshi kaskazini mwa Japani, kwa miaka mitatu. Mke anaruhusiwa kumfuata. Mnapewa nyumba humohumo kambini, ndani ya uzio, na dirishani mnaziona ndege zinavyoruka na kutua.

"Hizo ndege zikitoka hapo zinakwenda wapi?" Mama aliniuliza.

"Zinabeba mizigo, mama."

"Nimekuuliza zinakwenda wapi."

Nikamwambia mume wangu harushi ndege wala hashiki bunduki, yeye anafunga matairi tu.

"Tairi ndilo linalobeba," akasema. "Mie naangalia taarifa ya habari kama wewe. Nawaona watu wanafukuliwa kwenye kifusi, wanawake wamejitanda mitandio kama huu wangu. Leo mwanangu ukalale ubavuni mwa ndege kama hizo, nami nikae hapa Mwananyamala niseme nimekubali? Nenda, wewe mtu mzima na una mumeo. Lakini radhi yangu sikupi."

Kwetu neno hilo si la mchezo. Kwenye ukoo wetu msafiri hatoki nyumbani bila kufukizwa. Mama anatia udi kwenye chetezo, anakizungusha mara tatu kichwani pa msafiri huku anasoma dua, kisha msafiri anatoka kwa mguu wa kulia na hageuki nyuma. Hiyo ndiyo radhi yenyewe, imefanywa kitu cha kuonekana na kunuswa. Kaka yangu alifukizwa kwenda Mtwara kwa wiki moja kuuza vyombo vya plastiki. Mie nilikuwa nakwenda upande wa pili wa dunia, na chetezo kimekaa chini ya kitanda hakiguswi.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na saluni yangu mwenyewe kwenye njia ya kwenda hospitali. Nusu ya maharusi wa mtaa wetu wametoka mikononi mwangu, nimewapaka hina, nimewafukizia nguo, nimewafunga vilemba wale wenye vichwa vigumu. Sikuwa mtu wa kuulizwa kama najua ninachokifanya. Na bado nilikuwa nalia bafuni, nimefungulia maji ya bomba ili Mama asinisikie.

Mtaa nao haukunyamaza. Jirani mmoja anayeuza vitumbua alimwambia mteja wangu, nami nasikia kila neno, "Eti anakwenda kuwafulia wanajeshi." Nikatoka nje na hina imenijaa vidoleni.

"Shoga," nikamwambia, "nakwenda kumfulia mmoja tu, na huyo nimeolewa naye."

Wateja walicheka mpaka mmoja akaharibu ua lake la hina, nikalifuta na kulichora upya. Jirani hakunisemesha tena hadi nilipoondoka, nami sikumtafuta.

Kambi ilituma kanuni zake kwa barua pepe. Nilizichapisha pale steshenari, kurasa kumi na moja, nikazisoma zote kwa sababu nilijua mtu atakuja kuniambia sijasoma. Ukurasa wa tisa ulisema marufuku kuwasha mishumaa na uvumba ndani ya nyumba. Mstari huo niliuona. Siku ya pili nikaenda Kariakoo kununua udi wa kunitosha mwaka mzima. Mabegi nilikwenda kuyapima kwa muuza vyuma chakavu, maana mizani yake ndiyo inayoaminika mtaani kwetu, nikatoa jozi mbili za viatu ili udi na ubani vipate nafasi. Haikunijia akilini kwamba watu wa kanuni walikuwa na sababu. Niliona ni watu wasiopenda harufu nzuri.

Asubuhi ya safari, baada ya sala ya alfajiri, Mama alirudi kitandani akajifunika shuka gubigubi, uso ukutani. Nikaingia kwa ncha za vidole. Nikainama, nikakitoa chetezo chini ya kitanda. Ni cha udongo, alikiacha bibi yangu, na mdomo wake umemeguka upande mmoja, umeshikwa na waya. Mahali pake nikaweka kipya cha umeme nilichokuwa nakitumia saluni. Nilijiambia kama hanifukizi nitajifukiza mwenyewe. Nikakivingirisha ndani ya kanga tatu na kukifungia kwenye begi la mkononi.

Saa ya kuondoka Mama alifika mpaka mlangoni. Nikambusu mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakukuwa na moshi wala dua. Nilipofika kwenye gari niligeuka nyuma, kwa kusudi kabisa, nikamtazama. Alikuwa ameshaingia ndani.

Siku ya kwanza kambini nilipewa kitambulisho, na chini ya picha yangu wameandika kwamba mie ni mtegemezi. Nikamuuliza mume wangu hilo neno limetoka wapi. Akasema wake wote wanaandikwa hivyo, nisilitie moyoni. Nililitia. Miaka tisa nilijilipia kodi ya saluni bila kumsumbua mtu, leo nimepanda ndege mbili nimekuwa mtegemezi.

Nyumba ilikuwa nzuri, sisemi uongo, lakini haipumui. Madirisha yana vioo viwili viwili na yamezibwa na mpira pembeni ili baridi isipenye. Nje theluji ilifika magotini. Ndege ikiruka, vikombe vinatetemeka kabatini, na unasubiri ipite ndipo umalizie sentensi yako. Ya kwanza ilipopita nilijikuta nauliza, "Inakwenda wapi?"

"Sijui," mume wangu akasema. "Hatuambiwi."

Nikaendelea kukatakata vitunguu. Swali lilikuwa la Mama, na sikupenda lilivyotoka kinywani mwangu.

Mama nilikuwa nampigia kila baada ya siku mbili. Ananiuliza nimekula nini, nimevaa soksi, mkwewe anaendeleaje na kifua chake. Kuhusu radhi hakugusia, na kuhusu chetezo pia kimya, kama vile hakijawahi kuwepo. Miezi mitatu ikaisha hivyo. Nami nilikuwa na kiburi changu, sikuuliza. Udi sikuuwasha. Kila nikikitoa chetezo nakipangusa vumbi na kukirudisha kwenye kanga zake, maana kujifukiza mwenyewe kulinishinda. Nilijaribu kukiinua kichwani mara moja nikajiona mjinga.

Halafu Alhamisi moja nikachoka. Nguo zetu zilikuwa zinanuka ile sabuni ya kambi, na kwetu Alhamisi jioni nguo zinafukizwa kwa ajili ya Ijumaa. Sikuwa natafuta ugomvi na mtu. Nilitaka kanzu ya mume wangu inukie kama kanzu ya mtu. Nikanunua mkaa wa vidonge kwenye duka la kambi, wa kuchomea nyama, nikauwasha jikoni, nikatia udi, nikalipindua tenga tupu la nguo chafu juu ya chetezo na kutandaza kanzu, mabaibui na shuka. Mwananyamala nimefanya hivyo mara elfu. Lakini kule nyumba zina matundu ya hewa juu ya kila mlango, moshi unafanya kazi yake na kwenda zake. Huku ulipanda ukagonga dari, ukatafuta pa kutokea, ukakosa.

King'ora kilichopigwa sijawahi kusikia mfano wake. Kililia nyumbani kwangu, kikalia kwa jirani wa kulia na wa kushoto, maana nyumba zimeunganishwa. Watu wakatoka na watoto wao wakasimama kwenye theluji. Nami nikatoka, nimejifunga kanga mbili na koti la mume wangu, miguuni kandambili. Magari mawili ya zimamoto yakafika. Baada ya dakika chache mkubwa wao akatoka na chetezo changu, amekishika kwa glavu zake nene, amenyoosha mikono mbele kama aliyepewa mtoto aliyejikojolea.

"Taratibu," nikamwambia kwa Kiingereza. "Hicho ni cha bibi yangu." Akamwaga makaa kwenye theluji, akanirudishia.

Kesho yake akaja afisa wa nyumba, mama wa makamo mwenye faili kifuani, na barua ya onyo. Imeandikwa kwa jina la mume wangu: mtegemezi wako amefanya hiki na kile. Akaniambia pia chombo kile kitahifadhiwa stoo ya kambi mpaka siku tutakapohama.

Mume wangu alifungua mdomo, nikamwahi. Kiingereza changu ni cha sekondari na cha wateja wa Msasani, lakini siku ile kilinitosha. Nikasema moshi kosa langu, na majirani nimeshawapelekea maandazi ya kuomba radhi. Ila barua iandikwe upya kwa jina langu, kwa sababu aliyewasha mkaa ni mie na mkono ninao wa kutia sahihi. Na chetezo hakiendi stoo. Kama ndani hapafai, nionyeshe pa kuchomea nje.

Alipekua faili lake kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kuchoma nyama nje kunaruhusiwa, mbali kidogo na ukuta, ndani ya chombo kisichoungua.

"Basi andika nachoma nyama," nikamwambia.

Hakucheka. Lakini barua ya pili ilikuja ina jina langu, na chetezo kilibaki mezani kwangu.

Siku ileile afisa alipokuja, nilimsindikiza mpaka kwenye gari lake, na niliporudi nikampigia Mama kabla hata sijavua koti. Nikamweleza yote, king'ora, zimamoto, stoo, na katikati ya maelezo nikakumbuka kwamba kusimulia kisa hicho ni kukiri wizi.

"Wanataka kukichukua chetezo cha mama yangu?" akauliza.

"Nimekataa. Kipo hapa."

"Ule waya haujakatika?"

"Haujakatika. Mama, nilikichukua bila ruhusa."

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa macho ndani ya shuka, nakutazama unavyonyata. Hata hukuangalia kama nimelala. Ningekuwa sitaki ufike salama, ningekuacha ukichukue?"

Niliketi sakafuni pale mlangoni na viatu vyangu vya theluji, nikalia bila kufungulia maji ya bomba.

Alhamisi iliyofuata, jua likikaribia kuzama huku na kwake bado ni saa tano asubuhi, nilikitoa chetezo nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimechimba theluji mpaka nikaona majani. Simu nikaisimamisha kwenye ndoo iliyopinduliwa ili Mama aone. Udi uliposhika akaniambia nikiinue, akaanza kusoma. Nikakizungusha kichwani mara ya kwanza, nikazungusha ya pili. Hapo ndege ikaruka, kubwa, ya chini, mpaka moshi ukatawanyika. Kwenye kioo cha simu nilimwona Mama amesita, midomo imefungwa, anasikiliza mngurumo ule kutoka chumbani kwake Mwananyamala. Hakuniharakisha. Alisubiri mpaka kimya kikarudi.

"Imepita?"

"Imepita, mama."

"Zungusha ya tatu."

Nikazungusha. Akamaliza dua, akajipangusa uso kwa viganja vyake.

"Wewe nimekupa radhi, na mumeo nimempa," akasema. "Hizo ndege sijazipa. Nilisema hapana, na bado nasema. Haya ingia ndani, baridi hiyo. Mguu wa kulia, na usigeuke."